Mkorosho wa Ng'ambo

Siku ya Jumatano, kengele ya saa nane mchana ilipolia katika Shule ya Msingi ya Wasichana Nuru ya Kusini, hakuna aliyetembea. Wasichana walimwagika kutoka madarasani kama choroko kwenye gunia lililopasuka, kila mmoja akikimbilia klabu yake. Ukumbini ngoma zilianza kurindima. Jikoni klabu ya mapishi ilianza kukaanga vitumbua na kubishana kuhusu chumvi. Uwanjani filimbi ya mpira wa pete ilikuwa imeshalia, na wale wa mdahalo walikuwa wamesimama juu ya madawati wakigombana kwa adabu. "Ndugu mwenyekiti, mwenzangu amepotoka!" Sauti zao zilisikika mpaka barabara ya Chuno.

Marlene Bwanali wa darasa la tano hakuwa na habari na hayo yote. Yeye alizunguka nyuma ya maktaba, kwenye kibanda cha makuti kilichokuwa na safu za viriba vyeusi vya kuoteshea miche. Hapo ndipo ilipokuwa Klabu ya Kitalu, klabu ndogo kuliko zote shuleni. Wenzao waliiita klabu ya matope, na kusema kweli hawakukosea sana. Hakuna aliyetoka kitaluni na soksi nyeupe.

"Umekuja kuwaamkia watoto wako?" Asia alimtania. Asia alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, na mdomo wake haukujua likizo.

"Nimekuja kuwaona tu," Marlene alijibu, akachuchumaa mbele ya miche mitatu ya mikorosho iliyoandikwa jina lake.

Ukitaka kujua kwa nini msichana wa miaka kumi na moja aliacha ngoma na vitumbua akafuata matope, ni lazima umjue bibi yake.

Bibi Esperanca aliishi kijijini, karibu na mto Ruvuma. Alipokuwa msichana mdogo, yeye na mama yake walivuka mto huo kutoka upande wa Msumbiji wakikimbia vita. Hawakubeba sufuria wala godoro. Mama yake alikuwa amefunga korosho chache kwenye pindo la kanga, na moja kati ya hizo ndiyo iliyoota ikawa mkorosho mkubwa kuliko yote shambani. Watu waliuita Mng'ambo. Korosho zake zilikuwa nene, na mabibo yake matamu yalivuta watoto wa kijiji kizima. Bibi aliusalimia mti ule kila asubuhi kama mtu anavyomsalimia jirani.

Mwezi wa tatu mwaka huu, upepo wa mvua uliuangusha Mng'ambo. Nusu ya mizizi ilibaki ardhini, nusu ikaelea hewani. Matawi yalikauka moja baada ya jingine, likabaki moja tu lenye majani mabichi. Marlene alipopata habari alilia, kwa maana alijua bibi yake alibaki na mti ule tu kutoka kwa mama yake.

Kwa bahati njema, majuma machache baadaye klabu ilipata mgeni. Bwana Hemedi, mtaalamu wa korosho kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, alikuja kuwafundisha kubebesha miche.

"Mkipanda korosho ya mti mzuri," alisema, "msitegemee kupata mti uleule. Mtoto anaweza asifanane na mzazi hata kidogo. Lakini mkikata kikonyo, yaani ncha ya tawi, mkakibebesha juu ya mche mdogo, hapo mmeuhamisha mti wenyewe. Ule mche wa chini ni nyumba tu. Kikonyo ndiye mgeni anayehamia."

Aliwaonyesha jinsi ya kupasua kichwa cha mche, kuchonga kikonyo, kukipachika, kukifunga kwa utepe na kukifunika kwa kimfuko chembamba cha nailoni ili kisikauke. Kisha akainua vidole viwili.

"Mambo mawili msiyasahau. La kwanza, msifunue kimfuko mpaka kikonyo chenyewe kichipue. La pili, chochote kitakachochipua chini ya utepe, kikateni. Hicho ni cha mwenye nyumba, si cha mgeni. Mkikiacha, kitakula chakula chote na mgeni atakufa njaa."

Jumamosi ile Marlene alikwenda kijijini na mama yake mdogo, Mama Tatu, ambaye aliishi naye hapo Chuno. Akarudi na vikonyo vitatu vya Mng'ambo, vimeviringwa kwenye kitambaa kibichi. Akavibebesha kwa mikono yake mwenyewe. Bibi alisubiri habari. Klabu nzima ilisubiri.

Marlene ndiye aliyeshindwa kusubiri.

Kila mapumziko alikwenda kitaluni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua kimfuko kidogo tu, achungulie. Asia alimwonya: "Wewe, utaupatia mafua mti wa watu!" Marlene alicheka, akafunika. Kesho yake akachungulia tena. Alijiambia kwamba ni upendo. Lakini kila alipofunua, unyevu ulitoka na upepo mkavu ukaingia, na baada ya majuma mawili vikonyo vyote vitatu vilikuwa vyeusi na vikavu kama njiti za kiberiti.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipotangaza Siku ya Klabu. Wazazi wote wangealikwa, na kila klabu ingeonyesha kazi yake bora. "Na Klabu ya Kitalu," alisema huku akitabasamu, "itamkabidhi Bibi Esperanca mkorosho wake uliovuka mto." Shule nzima ilipiga makofi. Marlene naye alipiga makofi, ingawa alijua vikonyo vyote vimekufa.

Alipokwenda kitaluni aliona jambo. Mche mmoja ulikuwa umechipua. Chipukizi jekundu, lenye afya, limetoka ubavuni, chini kidogo ya utepe. Lilikuwa la mwenye nyumba, wala halikuwa na undugu wowote na Mng'ambo. Marlene alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akakikata kikonyo kilichokufa. Akaufungua utepe, akaushusha, akaufunga upya chini ya lile chipukizi. Sasa ilionekana kana kwamba jani limetoka juu ya kiungo, mahali panapostahili.

"Umeshika!" Mwalimu Rebeka, mlezi wa klabu, alishangilia Jumatano iliyofuata. "Njooni muone! Hii ndiyo faida ya uangalifu. Mpigieni makofi Marlene!"

Marlene aliinamisha uso kwa aibu. Wenzake walidhani ni unyenyekevu.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Marlene ilifika mwisho siku iliyofuata, Alhamisi jioni, juu ya mkeka wa Mama Tatu, wakiwa wanakula ugali wa muhogo na kisamvu. Simu ililia. Mama Tatu aliiweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mjukuu wangu yupo?" Ilikuwa sauti ya Bibi, imejaa furaha. "Nimesikia mti wetu umeshika! Nilicheza peke yangu uani, majirani wakanicheka. Sasa nimeshusha pumzi. Huyu mjomba wako Nelio amenisumbua siku nyingi kwamba Mng'ambo umeziba njia ya shamba, nami nilikataa usiguswe. Lakini kwa kuwa umeshahamia kwako, nimempa ruhusa. Kesho alfajiri anaukata, achome mkaa."

Marlene alirudisha tonge sahanini. Akilini aliliona lile tawi moja lenye majani mabichi, na shoka la mjomba. Likikatwa hilo, Mng'ambo ungekuwa umekwisha duniani. Bibi angepanda shambani mche usiojulikana asili yake, angeupalilia na kuusalimia kila asubuhi, miaka kwa miaka, akisubiri korosho ambazo hazingekuja kamwe.

"Marlene, mjibu bibi yako," Mama Tatu alisema.

"Bibi, mti usikatwe!" Sauti ilimtoka kwa kishindo mpaka paka akakimbia. "Mti haukushika. Nilifunuafunua vikonyo, vyote vikafa. Nikaogopa. Nikaufunga utepe vibaya ili watu waone umeshika. Nimesema uongo, Bibi. Nisamehe. Usimruhusu mjomba akate!"

Mama Tatu alimkodolea macho. Macho yale yalimwumiza Marlene kuliko kofi.

Kisha upande wa pili wakasikia kelele: "Nelio! Ewe Nelio! Acha kulinoa hilo shoka, liweke chini! Nimesema weka chini, huo mti ukiuparuza tu utanitambua!" Bibi akarudi kwenye simu, anahema. "Mjukuu wangu, umenichoma hapa moyoni, sitakuficha. Lakini umesema kabla ya shoka. Jumamosi uje na wembe wako."

Usingizi ulimjia Marlene usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi ilibaki kazi nyingine, nayo haikuwa nyepesi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Marlene. Mbona mapema hivyo?"

Alimweleza Mwalimu Rebeka kila kitu, akiwa ameushika mche wa uongo mbele yake. Mwalimu hakufoka. Alivua miwani, akaugeuza mche, akakiona kidonda mahali kikonyo kilipokatwa.

"Nilikusifu mbele ya klabu nzima," alisema taratibu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi mbele ya klabu nzima utaeleza. Halafu utachukua viriba kumi vipya. Siku ya Klabu haijafika, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Mwalimu alipoikusanya klabu mchana uleule, Marlene alisimama akaeleza. Wasichana wawili walicheka. Mmoja alisema, "Kumbe makofi yetu tuliyatupa bure!" Marlene alikubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Asia hakucheka wala hakusema neno, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu azaliwe. Mwishowe alisimama.

"Mimi nitakwenda naye Jumamosi kubeba kitambaa," alisema. "Na kuanzia Jumatatu mimi ndiye askari wa kitalu. Atakayegusa kimfuko, hata akiwa Marlene mwenyewe, nitamng'ata."

Hakuwa anatania. Walirudi kutoka Ruvuma na vikonyo kumi vya mwisho vya lile tawi. Bibi alikuwa amevichagua mwenyewe, akamkabidhi Marlene bila maneno mengi, kwa sababu bado moyo ulikuwa unamwuma. Marlene alivibebesha vyote, polepole, kimoja baada ya kingine. Baada ya hapo kilichobaki ni kusubiri, kazi ngumu kuliko zote. Alimwagilia asubuhi na jioni. Alikata kila chipukizi lililojitokeza chini ya utepe. Mapumziko alikaa mbele ya miche, ameikalia mikono yake, na Asia amesimama nyuma yake na kijiti, ananguruma.

Vikonyo vitatu vilikauka. Vikafuata viwili vingine. Marlene alilala akiomba Mungu, akaamka akiomba Mungu. Kisha siku moja, Siku ya Klabu ikiwa imebakiza wiki moja, aliona kitu chekundu kimeusukuma utando wa kimfuko kutoka ndani. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu. Kilikuwa juu ya utepe.

"Asia," alinong'ona. "Asia, njoo. Usipige kelele."

Asia alitazama, akapiga kelele zilizosimamisha mdahalo.

Siku ya Klabu ilipofika, wazazi walijaa uwanjani, akina mama na kanga zao mpya, akina baba wamekaa kwenye madawati madogo magoti yakigusa videvu. Wacheza ngoma walitimua vumbi mpaka Mwalimu Mkuu akapiga chafya kwenye kipaza sauti. Vitumbua viliisha kabla ya wageni wa heshima kupata hata kimoja. Timu ya mpira wa pete iliwafunga walimu bila huruma. Wana mdahalo walibishana kama ni bora kuwa na akili au bidii, na mzazi mmoja akasahau kwamba hakualikwa kuchangia.

Klabu ya Kitalu iliitwa mwisho. Marlene alipanda jukwaani na viriba viwili. Kimoja kilikuwa na mche mrefu, wenye majani mapana ya kijani. Cha pili kilikuwa na mche mfupi wenye majani mawili matatu mekundu, bado laini.

"Wazazi wetu, shikamooni," alisema.

"Marahabaaa!"

"Mkipewa mmoja mkapande, mtachukua upi?"

Vidole vyote vilielekea kwenye mche mrefu. "Ule pale! Umenenepa!"

Marlene alimtafuta Bibi kwa macho, akamwona safu ya mbele, pembeni ya Mjomba Nelio, amekaa wima.

"Huo mliouchagua ni wa uongo," alisema. "Na aliyeutengeneza uongo huo ni mimi."

Marlene akaeleza yote, jinsi alivyofunua, jinsi vikonyo vilivyokufa, jinsi alivyoshusha utepe. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, lakini alipofika kwenye mche wenyewe ilinyooka, kwa maana sasa alikuwa anafundisha jambo analolijua. Aliwaonyesha kidonda. Aliwaonyesha chipukizi lilipotokea. Kisha akauinua mche mdogo, akawaonyesha kiungo kilivyoshikana na majani mekundu yaliyotoka juu yake. "Msitazame unene," alisema. "Tazameni jani limetoka wapi."

Baba mmoja kutoka Madimba alisimama, mkono kichwani. "Jamani! Mimi kwangu nimeacha machipukizi ya chini yote, nikawa najisifu kwamba miche yangu inastawi!"

Watu walicheka, lakini wengi walicheka huku wakijifikiria. Mama mwingine akauliza, naye akafuatwa na mwingine, na kabla Mwalimu Mkuu hajazuia, wazazi walikuwa wamelizunguka jukwaa, wanainama, wanagusa utepe, wanamwuliza Marlene na Asia na klabu nzima ya matope maswali yasiyo na mwisho. Bwana Hemedi, aliyekuwa mgeni siku hiyo, alisubiri zamu yake kama watu wengine. Alipofikiwa alichukua kipaza sauti.

"Klabu hii naialika Naliendele," alisema. "Wote. Waje na soksi zao chafu hivyohivyo."

Shangwe zilipanda. Wale wasichana wawili waliowahi kucheka ndio waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Kisha Bibi Esperanca akapanda jukwaani. Aliupokea mche mdogo kwa mikono miwili. Hakuyatazama majani. Aliinama kwanza akachungulia chini ya utepe, kila upande, kama mtu anayekagua masikio ya mtoto, na uwanja mzima ukacheka. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Huyu ndiye," alisema. "Mng'ambo, karibu tena." Akamkumbatia mjukuu wake, mche ukiwa katikati yao. "Koshukuru, mwanangu," aliongeza kwa Kimakua chake. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Vigelegele vilipigwa, ngoma zikaitika, na Marlene akalia na kucheka kwa pamoja, kwa furaha ambayo makofi ya kwanza hayakuwahi kumpa.

Jua lilipoanza kushuka na wazazi wakaanza kuondoka, Marlene alibaki jukwaani na ule mche mrefu.

"Mwalimu," alimwuliza Mwalimu Rebeka, "huu nikautupe jalalani?"

Mwalimu Rebeka aliuchukua, akaubinyabinya udongo wa kiriba kwa vidole.

"Kwa nini utupwe? Mizizi yake ni mizuri." Akampa wembe. "Mche haufi kwa kosa moja, Marlene, wala mtoto. Kinachoua ni kulifunga kosa kwa utepe na kuliita mafanikio. Wewe ulifungua utepe mwenyewe, tena kabla shoka halijashuka, ndiyo maana leo bibi yako ana mti. Kata hapo, kata palipo na uongo. Jumatano tutaubebesha kikonyo cha kweli, cha mkorosho mwingine mzuri."

Marlene alikata. Akakibeba kiriba, akakirudisha kitaluni, akakipanga kwenye safu pamoja na vingine.

"Na usichungulie!" Asia alipiga kelele kutoka mlangoni, kijiti mkononi.